Maonyesho ya spika, amplifaya na vyombo vingine vya kusikilizia muziki vya daraja la juu: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Ikifika Januari maswali ni yale yale. "Kaka, nasikia kuna maonyesho ya muziki Bristol, ukiingia lazima ununue?" "Watu wa kawaida wanaruhusiwa?" "Nivae suti?" "Spika za bei ya kiwanja Kigamboni kweli wataniacha nikae nizisikilize?" Nimejibu kwa simu, nimejibu harusini, na mara moja nimejibu msibani mpaka shangazi akanikata jicho. Sasa naandika, atakayeuliza tena nimtumie hii.

Kwa kifupi: si lazima ununue, unaruhusiwa, suti iache kabatini, na spika watakuacha uzisikilize mpaka uchoke. Ndicho kilichowaleta waonyeshaji.

Nitatumia Bristol Hi-Fi Show kama mfano. Hufanyika Februari, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, katika hoteli ya Delta Hotels by Marriott katikati ya jiji la Bristol, kusini magharibi mwa Uingereza. Kwa anayeanza napenda maonyesho ya hotelini. Vitanda huondolewa vyumbani, kila mwonyeshaji anapewa chumba chake, na unasikiliza kwenye nafasi inayokaribiana na sebule ya mtu. Yapo makubwa zaidi. High End ilianza Düsseldorf mwaka 1982, ikapita Frankfurt, ikakaa Munich kuanzia 2004 hadi 2025, kisha kwa mwaka 2026 ikahamishiwa Vienna, kwenye jengo la Austria Center. Ndugu zetu wa Chicago wanayo AXPONA, hufanyika Aprili hotelini Schaumburg, nje kidogo ya jiji. Hatua nitakazotoa hapa zinafaa kote huko.

Jambo moja tukubaliane mapema: safari hii ni ya kufundisha masikio. Kununua kutakuja baadaye, au kusije kabisa. Anayeingia na nia ya kutafuta "spika bora kuliko zote" hutoka saa kumi na moja jioni akiwa na mfuko uliojaa vipeperushi na kichwa kilichojaa kelele.

Vya kuandaa kabla hujaondoka

- Nyimbo tatu unazozijua kama jina lako. Tatu, usilete thelathini. Mimi nina taarab asilia moja ya Unguja yenye ganuni, fidla na sauti ya mwanamke. Nina dansi moja ya zamani, magitaa matatu, besi na tarumbeta. Ya tatu ni kaswida: wanaume wengi na matari, basi. Utaona mbele kwa nini nimezichanganya hivyo. Wewe chagua zako, ila ziwe zile ambazo ukizisikia dukani kwa Mpemba unajua kabisa sauti ya pili inaingia wapi.
- Flashi yenye nyimbo hizo, kwa faili za FLAC au WAV, ambazo hazipunguzi ubora wa sauti, pamoja na nakala za MP3 za akiba. Ifomatiwe FAT32, maana vifaa vingi huisoma bila kununa.
- Majina kamili ya nyimbo hizo kama yalivyoandikwa kwenye Qobuz na Tidal, huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Siku hizi mwenye chumba mara nyingi anaendesha muziki kwa tableti, na wengine hawapendi flashi ya mgeni kwa kuogopa virusi. Kama wimbo wako haupo huko, tafuta mwingine unaoujua uliopo.
- Santuri moja, kama unayo. Mtu mwenye gramafoni ya maelfu ya pauni hufurahi sana kuona santuri asiyoijua.
- Daftari dogo na kalamu. Simu itakuvuta kwenye ujumbe wa kikundi cha familia.
- Vipimo vya chumba chako: urefu, upana na kimo, na picha moja. Muuzaji anayejua kazi atakuuliza hayo kabla ya kukuuliza una pesa kiasi gani.
- Viziba masikio vya sponji, chupa ya maji, na kitu cha kutafuna.
- Nguo za kuvua na kuvaa. Nje ni baridi ya Februari. Ndani kuna watu kumi na wanne kwenye chumba cha kulala kimoja, na amplifaya nyingine hutoa joto kama pasi.

Kwa anayetoka nyumbani, Dar au Nairobi: unahitaji viza ya mgeni ya Uingereza, na unaweza kuiomba miezi 3 kabla ya safari. Kwa Vienna ni viza ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla, lisipelekwe chini ya siku 15 kabla ya safari, na bima ya afya iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Usiache mpaka wiki ya mwisho.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Ukiweza Ijumaa, nenda Ijumaa. Jumamosi ni Kariakoo ya siku ya mwisho kabla ya Idi. Jumapili mchana hutulia kidogo, waonyeshaji wamechoka, lakini ndipo wanapoongea ukweli. Kwa wanaofunga: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari. Nimewahi kusikiliza kwa saumu, na masikio ni makali ajabu mpaka saa nane, baada ya hapo hakuna kitu. Panga kumaliza mapema.

Maonyesho makubwa kama ya Vienna huwa na muda wa wafanyabiashara na muda wa umma. Soma tiketi kabla hujalipa.

2. Fika kabla milango haijafunguliwa. Kutoka London panda treni Paddington hadi Bristol Temple Meads, kama saa moja na dakika 40, kisha tembea kwa miguu, haizidi dakika 20. Hoteli iko Lower Castle Street, jirani na maduka ya Cabot Circus. Tiketi nunua mtandaoni mapema. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi, nawe uwe mlangoni saa nne kasoro robo. Saa ile ya kwanza ina thamani ya saa tatu za mchana.

3. Chukua ramani, kaa chini, weka alama kwenye vyumba vinane. Vinane tu. Chagua kwa bei unayoweza kuifikiria: vyumba vitano vya vyombo ambavyo siku moja unaweza kuvimiliki, viwili vya ndoto, na kimoja cha kitu usichokijua kabisa, kwa mfano amplifaya za valvu, zile zenye vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa.

Mara yangu ya kwanza niliingia vyumba 31 kwa siku moja. Jioni kwenye treni nikafungua daftari. Vyumba kumi na kimoja nilikuwa nimeandika maneno mawili yale yale: "besi nzuri". Sikumbuki hata kimoja.

4. Anzia ghorofa ya juu, shuka. Watu wote huanzia chini walipoingilia. Panda ngazi, lifti zina foleni. Mchana umati unapopanda, wewe unashuka, mnapishana.

5. Ingia chumbani kama unavyoingia msikitini swala ikiwa imeanza. Mlango ukiwa umefungwa na muziki unapigwa, subiri wimbo uishe. Ukiingia, usikatize mbele ya spika, usisimame katikati, usizungumze. Kofia pana vua, na kama u mrefu kaa nyuma au pembeni. Usiguse chochote, hasa mkono wa gramafoni. Sindano moja ya daraja hilo inaweza kuwa bei ya pikipiki mpya, na inavunjika kwa ncha ya mkono wa shati.

Manukato mazito yaache nyumbani. Chumba ni kidogo, na wenzako wanakaa humo siku nzima.

6. Tafuta kiti sahihi. Kiti cha katikati, ambapo umbali kutoka kwako hadi kila spika unalingana, na usitofautiane sana na umbali wa spika yenyewe na mwenzake. Kikiwa na mtu, subiri. Watu huondoka baada ya wimbo mmoja au miwili. Usikae mstari wa mwisho umegemea ukuta, maana besi hurundikana ukutani, na utahukumu spika kwa kosa la ukuta.

Hapa ndipo nadharia pekee ya mwongozo huu inapoingia, vumilia. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvimbisha sauti ya karibu hezi 43 (yaani mitetemo 43 kwa sekunde), kwa sababu wimbi lake, lenye mita 8, linaenea kwenda na kurudi sawasawa kati ya kuta mbili. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Unaona balaa? Kila mpiga besi anapogusa uzi ule, chumba kizima kinanguruma, na nota inayofuata inasikika kama imepigwa na mtoto. Hiyo si spika. Ni hoteli. Waonyeshaji wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana utawaona wameleta spika ndogo, wamezisogeza mbali na ukuta, na wametundika mablanketi na paneli za sponji kila pembe. Chumba chenye maandalizi hayo kipe muda zaidi. Anayehangaika na chumba, mara nyingi anajua anachofanya.

7. Sikiliza kwa mpangilio mmoja kila chumba. Ukibadilisha namna ya kusikiliza, huwezi kulinganisha. Mpangilio wangu ni huu.

Dakika mbili za kwanza sisikilizi chochote maalumu. Naacha masikio yazoee. Hukumu ya dakika ya kwanza karibu kila mara humpa ushindi mwenye sauti kubwa na trebo (zile sauti nyembamba za juu) inayometameta, na hizo ndizo spika utakazozichoka kabla ya mwezi kuandama.

Kisha natafuta mwimbaji. Nafumba macho na kujiuliza: amesimama wapi? Katikati, kati ya spika mbili, kwa kimo cha mtu? Au sauti imetapakaa ukutani kama rangi? Kwenye mfumo uliopangwa vizuri unaweza kumnyooshea kidole.

Kisha besi, na hapa wengi wanapotea. Sisi tumelelewa na sabufa na muziki mnene, tumezoea kifua kitingishike. Swali la kuuliza si "besi ipo?" bali "besi inaimba nini?" Jaribu kuifuata kwa mdomo, nota kwa nota. Ukiweza kuimba anachopiga mpiga besi, hiyo ni besi. Ukisikia "duu, duu, duu" ya aina moja, ni kelele, hata kama mabati yanatingishika.

Mwisho, miisho ya sauti. Ganuni ikidonolewa, ule mlio mdogo unaobaki hewani baada ya uzi kuachwa unausikia ukififia, au umekatwa kama kwa mkasi?

Halafu hama kiti kimoja kushoto au kulia, usikilize tena nusu dakika. Kama muziki wote umeporomoka kwa kuhama kiti kimoja, jiulize nyumbani mtakaa watu wangapi.

8. Omba wimbo wako. Hii ndiyo hatua ambayo wote mnaiogopa, na ndiyo iliyonipa faida kuliko zote.

Vyumba vingi hupiga nyimbo zile zile: mwanamke anaimba polepole, gitaa moja, besi moja ya mbao. Zimerekodiwa kwa uangalifu mkubwa, na karibu kila spika hupendeza nazo, kama vile kila mtu hupendeza kwenye picha ya pasipoti ya studio. Ukitaka kuijua spika, ipe kitu chako.

Subiri wimbo uishe. Msubiri aliyekutangulia. Kisha sema kwa sauti ya chini una wimbo mmoja wa dakika tatu, kutoka Afrika Mashariki, ungependa kuusikia wakipata nafasi. Taja dakika. Mwonyeshaji anaogopa wimbo wa robo saa utakaofukuza watu. Usidai, usisimame juu yake, usimwambie ongeza sauti.

Mwaka mmoja mzee mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwiko alichukua flashi yangu, akaiangalia kama anaangalia kidonge, akaichomeka. Kaswida ikaanza. Mwanzoni kuna tari moja peke yake, kisha la pili linaingia kushoto, kisha sauti. Yule mzee aliyekuwa amesimama akakaa. Aliinamisha kichwa, mkono wake wa kulia ukawa unapiga goti, taratibu, nusu ya mapigo nyuma, halafu akalipata. Kwenye redio yangu ya nyumbani nilikuwa nahesabu sauti za waitikiaji sita. Pale nilihesabu tisa, na mmoja wao alikohoa kabla ya kituo cha pili. Kikohozi kile nilikuwa nimeishi nacho miaka ishirini bila kukijua. Wimbo ulipoisha mzee aliuliza yale matari yametengenezwa kwa ngozi gani. Nilimwambia ya mbuzi. Akaandika.

Spika zile sikuzinunua, zilikuwa ghali mno. Lakini tangu siku hiyo najua kuhesabu waitikiaji, na ndicho kipimo changu hadi leo.

9. Andika kabla hujatoka mlangoni. Namba ya chumba, jina la spika, amplifaya, chanzo cha muziki, bei, na sentensi moja ya kile ulichosikia. Maneno kama "safi" na "kali" yapige marufuku. Andika "sauti ya mwanamke ilikuwa nyembamba, fidla ilinichoma", au "waitikiaji 8, besi iliimba". Andika pia kama mguu ulikuwa unapiga wenyewe. Mguu haudanganyi sana.

10. Pumzisha masikio kila baada ya vyumba vitatu. Toka nje kabisa, tembea mpaka mtoni, dakika ishirini. Masikio yaliyochoka husikia kila kitu kuwa kikali.

Onyo la kweli: sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) inachukuliwa kuwa salama kwa saa 8 kwa siku, na kila ikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Ikifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Programu ya simu ya kupima sauti haitoi namba kamili, lakini inatosha kukustua. Ukiona 95 na mwenye chumba bado anaongeza, weka viziba masikio au toka.

11. Alasiri, rudi kwenye vyumba viwili vilivyokupendeza. Viwili tu. Sikiliza wimbo ule ule. Mara nyingi kimoja kitakuwa kimepoteza ule utamu wa asubuhi, na hapo umejifunza jambo ambalo hakuna muuzaji angekufundisha.

12. Kuhusu kununua. Bei za punguzo za maonyesho zipo, hasa kwa vyombo vya mwaka uliopita na vilivyotumika kwenye onyesho lenyewe. Ushauri wangu: mara ya kwanza acha kadi hotelini. Kama ni lazima, nunua santuri, au hedifoni, maana hedifoni haijali chumba chako kikoje. Nyaya za bei ya bodaboda mimi sinunui. Wapo wanaoapa kwamba wanasikia tofauti, sigombani nao. Lakini ukionyeshwa waya mpya au kigeuzi kipya cha dijitali (kile kinachogeuza faili kuwa mawimbi ya sauti) kwa kulinganisha, omba vyote viwili vipigwe kwa ukubwa wa sauti ule ule. Kikipigwa kwa desibeli moja tu zaidi ya kile cha kwanza, sikio litakiita bora, na hutajua kwamba ilikuwa ni sauti kubwa tu.

Kwa anayepeleka nyumbani: vyombo vya Uingereza ni vya volti 230, vinaelewana na umeme wa Tanzania na Kenya, hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Vya Marekani ni volti 120, hezi 60. Ukichomeka Mombasa bila kuuliza utasikia harufu kabla ya muziki. Hata ukiweka transfoma, gramafoni yenye mota inayofuata hezi za umeme itazunguka polepole: santuri ya mizunguko 33 itakwenda karibu na 28, na mwimbaji wako ataimba kama ameamshwa usingizini. Na tangu 2021 wageni hawarejeshewi tena kodi ya ongezeko la thamani kwa mzigo wanaoubeba wenyewe kutoka madukani London au Bristol, kwa hiyo usiiweke kwenye hesabu.

Mambo yakienda kombo

*"Nimeingia vyumba vinne, sisikii tofauti yoyote."* Wimbo ni mmoja? Kama kila chumba umesikia wimbo tofauti, umelinganisha nyimbo. Rudi kwa wimbo mmoja na swali moja: mwimbaji amesimama wapi. Usiulize kingine mpaka hilo lijibike.

*"Kila chumba kinanguruma."* Sogea mbele kiti kimoja, ondoka ukutani. Kama bado, shuka kwenye kumbi kubwa za mikutano. Kuta ziko mbali, besi ina pa kupumulia.

*"Wamekataa wimbo wangu."* Inatokea. Wengine wana ratiba ya kupiga, wengine wamekatazwa na mwenye kampuni. Shukuru, uliza kama kuna saa nyingine. Ukikataliwa mara mbili, usiandike chochote kuhusu chumba hicho, hukukisikiliza.

*"Flashi haisomeki."* Jaribu MP3. Kisha majina ya nyimbo kwenye tableti. Kisha santuri. Ndiyo maana nilikwambia ubebe vyote.

*"Mwonyeshaji ananipita kama hanioni."* Imenipata. Katika onyesho moja jamaa aliongea na wazungu wawili walioingia baada yangu, akawapa viti, mimi nimesimama na daftari. Sikugomba. Nilimuuliza swali moja: spika hizi zina mzigo wa omu ngapi (kipimo cha ukinzani wa umeme), na zinashuka hadi hezi ngapi kwenye besi? Akageuka mzima mzima. Ukikosa la kuuliza, uliza hilo. Na asipogeuka, vyumba viko vingi.

*"Masikio yanavuma."* Siku imekwisha, ndugu yangu. Usijikaze. Nenda ukale.

*"Wimbo wangu nilioupenda maisha yote umesikika vibaya kwenye spika za ghali kuliko zote."* Hili huwaumiza watu. Rekodi nyingi za dansi na taarab za zamani zilipigwa kwa maikrofoni chache studio za redio, sauti ya spika moja, halafu zikanakiliwa kaseti kwa kaseti mpaka kufika kwako. Spika kubwa inakuonyesha kila kovu: mvumo wa utepe, tarumbeta iliyopasuka, mlango uliofungwa. Dansi langu lilisikika kama linapigwa ndani ya debe kwenye chumba cha ndoto, na likasikika tamu kabisa ghorofa mbili chini, kwenye spika ndogo za mbao zisizofika hata magotini. Kama maktaba yako imejaa rekodi za aina hiyo, umeshapata jibu la aina ya spika unayoihitaji, na umeokoa pesa nyingi.

*"Nimependa kitu nisichoweza kukimudu hata nikiuza gari."* Muulize mwonyeshaji spika ndogo kabisa ya mtengenezaji huyo huyo ni ipi, na inapigwa chumba gani. Mara nyingi ipo, na mara nyingi ina tabia ile ile ya familia, imepungukiwa besi tu.

Kesho yake asubuhi

Usifungue daftari kwanza. Piga nyimbo zako tatu kwenye redio yako, kwa sauti ya kawaida, umekaa mahali pako pa kawaida. Utazisikia kasoro ambazo juzi hukuzijua, na usishtuke. Kisha fungua daftari usome ulichoandika kwenye vile vyumba viwili.

Halafu inuka, shika spika zako ulizonazo, zivute kutoka ukutani shibiri mbili, zigeuze kidogo zikutazame, na toa ile moja iliyojibanza nyuma ya kochi. Mke wangu aliponikuta nafanya hivyo saa mbili asubuhi alidhani tunahama. Piga tena wimbo wa kwanza. Mwimbaji akisogea katikati, ziache hapo wiki nzima kabla hujafikiria kununua chochote.